Tulivuka Mpaka Kuifuata Saladi ya Caesar

Treni ya mjini ya mstari wa buluu hutoka katikati ya San Diego na kushuka kusini kwa kama dakika 45 hadi San Ysidro, na hapo ndipo Marekani inapoishia. Asubuhi ile abiria wengi walikuwa watu waliotoka zamu ya usiku, vichwa vimeegemea vioo, wakirudi makwao Tijuana. Mimi na shemeji yangu tulikuwa tunakwenda kula saladi.

Shemeji ni mume wa dada yangu. Wanaishi City Heights, mtaa wa San Diego ambako Kisomali na Kiswahili husikika madukani kila siku, na yeye amefanya kazi jikoni hotelini kwa miaka mingi. Kila nilipowatembelea alinikuta nikimiminia majani sosi ya Caesar kutoka chupani. Naipenda sosi hiyo tangu nilipoionja katika hoteli moja ya Dar es Salaam: nyeupe, nzito, yenye chumvi ya kupendeza na harufu ya jibini. Yeye hutikisa kichwa. "Shemeji," aliniambia safari hii, "hiyo unayokula ni ndugu wa mbali. Mwenyewe yuko Tijuana. Twende ukamwone."

Kwa mwenye pasipoti yetu, jambo la kuangalia ni moja: viza hai ya Marekani au kibali cha ukaazi wa kudumu humruhusu mtu kuingia Meksiko kama mtalii bila kuomba viza nyingine. Tulipita kwa miguu kwenye geti la chuma linalozunguka, ofisa akagonga muhuri, tukatokea upande wa pili kwenye jua na kelele za madereva wa teksi. Kuingia ni dakika chache. Kurudi ni habari nyingine, nitaifikia.

Kutoka mpakani hadi barabara kuu ya mji wa kale, Avenida Revolución, ni mwendo wa kama dakika 20. Unavuka daraja juu ya Mto Tijuana, ambao siku hizi ni mfereji mpana wa zege, unapita vibanda vya dawa na vya taco, chapati ndogo za mahindi zinazokunjwa na nyama ndani, kisha unaona tao kubwa la chuma likiwa limesimama juu ya mji. Chini ya tao hilo ndipo nilipowaona punda milia. Nilisimama. Nilipowasogelea nikaona ni punda wa kawaida, weupe, waliochorwa mistari myeusi kwa rangi, kila mmoja amefungwa kwenye mkokoteni wenye picha za maua. Shemeji alinieleza kwamba desturi hiyo ni ya zamani. Wapiga picha wa barabarani waliona punda mweupe hatokei vizuri kwenye picha za nyeusi na nyeupe, wakampaka mistari ili aonekane, na watalii wakampenda hivyo hivyo. Mtu aliyekulia nchi ya punda milia wa kweli huwezi kupita hapo bila kupiga picha. Nikapiga.

Ili kuelewa kwa nini saladi ya Mwitaliano ilizaliwa Meksiko na kupendwa na Wamarekani, lazima uanzie kwenye pombe. Mwaka 1920 Marekani ilipiga marufuku kutengeneza, kusafirisha na kuuza vileo, na marufuku hiyo ilidumu hadi 1933. Tijuana, uliokuwa mji mdogo tu ng'ambo ya mpaka, ukajaa baa, mahoteli na mbio za farasi kwa muda mfupi sana. Watu wa California, wakiwemo waigizaji wa Hollywood, waliendesha magari yao kuja kunywa kwa uhuru. Miongoni mwa waliouona mlango huo ni Caesar Cardini, mhamiaji wa Kiitaliano aliyezaliwa 1896 karibu na Ziwa Maggiore. Nyumba yake ilikuwa San Diego, lakini mgahawa aliuweka Tijuana, ambako mteja angeweza kuagiza divai na chakula chake bila kuogopa polisi.

Kisa chenyewe kimetufikia kwa mdomo wa binti yake, Rosa. Tarehe 4 Julai 1924, sikukuu ya uhuru wa Marekani, wageni walifurika hadi jiko likaishiwa. Cardini akakusanya vilivyobaki: letusi ya romaine yenye majani marefu, mayai, mafuta ya zeituni, mkate mkavu, jibini ngumu ya Parmesan, na sosi ya Worcestershire, ile ya kahawia ya Kiingereza yenye siki na samaki ndani yake. Akaamua kuvichanganya mbele ya meza ya wateja kwa madoido, ili uchache wa vitu ufunikwe na raha ya kutazama. Rosa mwenyewe alizaliwa 1928, kwa hiyo alisimuliwa tu, na wapo wengine wanaodai haki yao. Kaka yake Cardini, Alex, aliyekuwa rubani wa jeshi la Italia, alidai saladi hiyo ni yake, kwamba aliitengeneza akiweka anchovi, samaki wadogo wa chumvi, na kuiita saladi ya marubani. Livio Santini, kijana wa Kiitaliano aliyefanya kazi katika jiko hilo, alisema ilikuwa chakula cha mama yake. Mimi naona madai yote matatu yanaweza kukaa pamoja. Jiko ni mahali pa mikono mingi, na jina la mwenye mgahawa ndilo linaloandikwa mlangoni.

Mgahawa wa Caesar's wa leo uko kwenye Avenida Revolución, si katika jengo lile la 1924. Ulipita miaka migumu na ulikuwa umefungwa kabla ya familia ya Plascencia, watu wa migahawa wa mji huohuo, kuufungua upya mwaka 2010. Ndani kuna kaunta ndefu ya mbao nyeusi, sakafu ya miraba myeusi na myeupe, na picha za zamani ukutani. Tulifika kabla ya watu wa chakula cha mchana, na shemeji akaomba meza ya katikati kwa sababu saladi hutengenezwa juu ya kigari kinacholetwa mezani, naye alitaka kipate nafasi ya kupita pande zote. Jambo hilo nisingelifikiria mimi.

Kigari kilikuja kikisukumwa na mhudumu mtu mzima mwenye kizibao na tai. Juu yake palikuwa na bakuli kubwa la mbao, jeusi kwa miaka ya mafuta. Shemeji alimsalimia kwa Kihispania chake cha jikoni na kumwita "maestro", yaani fundi, yule bwana akatabasamu na kuanza kufanya kazi polepole zaidi, nadhani kwa ajili yetu.

Kwanza aliweka anchovi na kitunguu saumu kilichopondwa. Anchovi ni wa ukoo mmoja na dagaa mchele wanaovuliwa Zanzibar, ila hawa hulazwa kwenye chumvi kwa miezi hadi nyama yake inalainika na kugeuka rangi ya kahawia, halafu hutiwa kwenye mafuta. Akavisukuma kwa mgongo wa kijiko cha mbao dhidi ya ubavu wa bakuli mpaka hapakuwa na kipande cha samaki kinachoonekana. Akaongeza haradali, pilipili manga aliyosaga papo hapo, matone ya sosi ya Worcestershire. Akavunja yai, akatenga kiini kwa maganda yake mawili, akakidondosha. Akakamua ndimu, ndogo za kijani kama zetu, siyo malimau makubwa ya njano. Mpaka hapo bakulini palikuwa na tope la kahawia lisilovutia kabisa.

Kisha akainua chupa ya mafuta ya zeituni. Mkono wa kushoto uliteremsha mafuta kwa mchirizi mwembamba sana, wa kulia ukazungusha bila kusimama. Nilikuwa nimeinama hadi pua yangu ikawa karibu na bakuli. Tope lilianza kung'aa, likawa manjano, manjano ikafifia, na sauti ya kijiko ikabadilika: mwanzo ilikuwa inakwaruza mbao, sasa ilikuwa inatelezea kitu kizito. Hakuna aliyeweka maziwa. Hakuna aliyeweka krimu. Sosi ilikuwa nzito na laini, na ilishika kijiko alipokigeuza.

Shemeji alinifafanulia wakati jibini inakunwa juu yake. Mafuta na maji ya ndimu havichanganyiki vyenyewe. Ila kiini cha yai kina lesithini, kitu ambacho upande wake mmoja hushika maji na mwingine hushika mafuta. Mkono unayavunja mafuta kuwa matone madogo mno, lesithini inalizunguka kila tone lisirudiane na jirani yake, na matone hayo yakibanana kwa wingi, sosi inakuwa nzito. Mayonezi nayo hutengenezwa kwa kanuni hiyohiyo. Ukimimina mafuta yote kwa pupa, matone yanaungana tena na unabaki na mafuta yanayoelea. Aliyepika samaki wa nazi anaijua hofu hiyo: moto ukizidi, tui linakatika na halirudi.

Majani hayakukatwakatwa. Yaliingia mazima, marefu, yale ya ndani ya letusi yenye uti mgumu mweupe, yakageuzwa taratibu hadi kila moja likapakwa pande zote mbili. Yalilazwa kwenye sahani pamoja na kipande kimoja cha mkate uliokaushwa, jibini zaidi juu, basi. Hapakuwa na kuku wala nyama ya kukaushwa. Tuliyashika kwa mkono kwenye uti na kuyala kwa kuuma kutoka ncha. Ladha ilikuja kwa zamu: ndimu, halafu chumvi ya samaki na jibini, halafu joto la kitunguu saumu, na mwisho maji baridi ya uti wa jani yanayosafisha kinywa ili utake jingine. Samaki mwenyewe humtambui. Unachokipata ni kina fulani cha ladha, na ukimwondoa unajua kuna kitu kimepungua.

Hiyo ndiyo namna ya kula ya zamani. Julia Child, mpishi aliyewafundisha Wamarekani mapishi ya Kifaransa kwenye televisheni, alizaliwa Pasadena mwaka 1912, na wazazi wake walimleta hapa Tijuana katika miaka ya 1920. Alipokuwa mtu mzima bado alikumbuka jinsi Cardini mwenyewe alivyovunja mayai mawili juu ya majani na jinsi sosi ilivyoanza kuwa nzito huku akigeuza. Baadaye alimpigia simu Rosa ili apate mapishi ya baba yake. Humo hamkuwa na anchovi kabisa, maana ladha ya samaki ilitoka kwenye sosi ya Worcestershire tu, na yai lilikuwa limechemshwa kwa dakika moja. Anchovi alizotuwekea maestro ni za upande wa Alex. Naunga mkono upande huo kwa moyo wote.

Sosi iliingiaje chupani? Marufuku ya pombe ilipokwisha 1933, wanywaji walibaki kwao. Mwaka 1935 Rais wa Meksiko, Lázaro Cárdenas, akapiga marufuku kamari, na kasino maarufu ya Agua Caliente ikafungwa. Tijuana ilipoa. Cardini alihamia Los Angeles, wateja wakawa wanamjia na chupa zao tupu wajaziwe sosi, na mwaka 1948 familia ikasajili jina la biashara. Yeye alifariki 1956. Rosa akaikuza biashara ile, na chupa zenye jina Cardini zinauzwa hadi leo. Siwezi kumlaumu. Sosi ya yai haikai zaidi ya siku chache kwenye friji, na asiye na mhudumu wa kumzungushia anastahili kuonja. Lakini chupa inayokaa miezi kwenye rafu inahitaji siki nyingi, mafuta ya bei nafuu na gundi ya xanthan ya kuzuia sosi isikatike, na gundi haina ladha yoyote ya kutoa. Baada ya sahani ile nilielewa kwa nini shemeji hutikisa kichwa.

Foleni ya kurudi San Ysidro ilianzia mbali, ikapinda ukutani, ikapita wauza churro, maandazi marefu yenye sukari, na wauza mablanketi. Hiki ni miongoni mwa vivuko vya nchi kavu vyenye watu wengi zaidi duniani, na ukiwa katikati ya mstari huo huna haja ya takwimu. Tulisimama saa nyingi. Shemeji aliutumia muda huo kupanga namna ya kumlisha dada, ambaye hali yai bichi kwa namna yoyote.

Jibu, au angalau nusu ya jibu, lilikuwa kwenye mapishi ya Cardini mwenyewe, ingawa dakika moja kwenye maji ya moto haiivishi yai. Kesho yake tulichemsha mayai dakika moja tu, yai likawa na uvuguvugu na kuanza kushika, tukaponda anchovi na kitunguu saumu kwenye kinu cha dada cha mbao kwa kuwa bakuli letu lilikuwa la plastiki, nami nikapewa kazi ya kumimina mafuta huku shemeji akizungusha. "Taratibu, shemeji, taratibu!" alikuwa akipiga kelele, na mimi nikiminya kidole kwenye mdomo wa chupa ili mchirizi usizidi. Dada alisimama mlangoni akiwa amekunja mikono. Alionja kwa ncha ya jani, akanyamaza, akavuta kiti, halafu akatuuliza kama zile ndimu zilizobaki zinatosha kutengeneza nyingine kwa ajili ya majirani.