Hendibreki ndiyo loki ya difu ya maskini

Wenye gari zinazosukumwa na tairi za nyuma, masika haya msikimbilie kutafuta trekta. Jana kwenye njia ya shamba tairi ya kushoto ilizama, ikawa inazunguka bure na kuturushia matope. Ya kulia iko pakavu, imetulia tuli! Ndivyo ilivyo difu ya kawaida (gia zinazogawa nguvu ya injini kwa tairi mbili za nyuma), isiyo na loki ya kuzifunga tairi zizunguke pamoja: inagawa nguvu sawa pande zote mbili, kwa hiyo inayoteleza ikipokea kidogo, mwenzake inapata kidogo hichohicho.

Nikavuta hendibreki taratibu, meno mawili matatu hivi, nikaweka gia namba mbili na kukanyaga mafuta kidogo kidogo. Breki ikaibana ile inayoteleza, injini ikakaza, nguvu ikafika upande wa pili. Gari likatetemeka, likapanda. Vijana waliokuwa wanasubiri hela ya kusukuma walinuna kweli.

Kwa Land Rover Defender za zamani msijaribu, hendibreki yake inashika shafti inayopeleka nguvu kwenye difu, si tairi. Na kama kebo ya upande mmoja imekatika, sahau.

Fundi wangu yeye anataka tuchomelee zile gia ndogo ndani ya difu ziwe kitu kimoja. Kwa gari lisilotoka shambani, sawa. Kwenye lami sitaki: ukikata kona, tairi ya nje inatembea umbali mrefu kuliko ya ndani, na zikifungwa pamoja lazima moja iburuzwe. Tairi zinaliwa, hata ekseli inaweza kukatika. Akikubali kulipia ekseli, achomelee hata leo.