Ndiyo ya mama

Neno la mama halijanitoka tangu Jumanne. Alisema "ndiyo," basi.

Shaba mnamjua, ng'ombe wangu mwekundu wa aina ya Boran, mimba sasa ya miezi minane. Majuzi akilala nilikuwa naona nyama nyekundu, ukubwa wa chungwa, inachungulia nyuma, akisimama inarudi. Jumanne asubuhi haikurudi. Uke ulikuwa nje, umevimba, umejaa vumbi na mavi, na yeye anajikamua wala mkojo hautoki.

Bwana mifugo alikuja na pikipiki. Akamchoma ganzi penye shina la mkia, akaosha kwa maji ya uvuguvugu, akaniambia niuinue ule uvimbe kwa taulo safi. Mkojo ukaruka mpaka kwenye buti zangu. Kibofu kilikuwa kimejikunja humo ndani. Uvimbe ukanywea, akausukuma polepole kwa kiganja, si kwa ncha za vidole, visije vikatoboa. Kisha akapitisha utepe mpana chini ya ngozi kuzunguka mlango wote, akaufunga akiacha upenyo wa vidole viwili vitatu.

Ndipo, akinawa, akauliza kwa upole, "Mama yake huyu naye alikuwa hivi?"

Nilikuwa nafungua mdomo niseme hapana. Mama, ameegemea lango la zizi, akasema, "Ndiyo. Marehemu alikuwa anamrudisha mwenyewe usiku."

"Na mkamwacha aendelee kuzaa?"

"Alimpenda."

Daftari la marehemu baba ninalo. Chanjo zimo, dume gani lilipanda lini limo, ndama wote wamo. Hilo halimo. Na tatizo lenyewe huweza kurithiwa, tena aliyetokwa mara moja mimba ijayo mara nyingi hutokwa tena. Kwa hiyo Shaba akishakuza ndama wake ataenda mnadani, kwa mchinjaji, si kwa mfugaji mwenzangu nimpelekee kilio. Na Nyota, binti yake, mtamba niliyekuwa namsubirishia dume jipya, naye hatapandwa. Ndiyo moja imebeba wote watatu.

Wiki hiihii shangazi amefanyiwa operesheni salama, mvua imerudi Kongwa, kijiji kimepata mwenyekiti mpya. Mimi nasikia "ndiyo" tu.

Alhamisi usiku nikamkuta mama zizini na tochi, anamkagua Shaba. "Ukiona uchungu umeanza, kata utepe kwanza, simu baadaye," akasema. "Ndama hana pa kupita." Kisha akaanza kucheka. Kumbe baba alikuwa anaunyunyizia uvimbe sukari ili ivute maji, usinyae, ndipo aurudishe. Sukari ya chai! Asubuhi nyumba nzima inakunywa chai bila sukari na hakuna anayeuliza. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu msiba.

Nikamuuliza mbona hamkuniambia.

"Ulikuwa chuoni. Ada yako ilitoka kwa ndama wa yule ng'ombe. Tungekuambia nini?"

Nimekaa naye mpaka baridi ikatuondoa. Nyota bado hatapandwa, hilo sibadilishi, na sababu nimeiandika kwenye daftari kwa wino, atakayerithi aikute.

Kaka hapokei simu tangu Jumapili. Shule zinafunguliwa Jumatatu, wanawe wako kwangu, na viatu vya yule mdogo havimwingii tena.