Wanoa visu wa Thiers

Leo nimeshinda Thiers, mji mdogo wa milimani katikati ya Ufaransa. Visu vinatengenezwa hapa tangu zama za kati, na hadi leo visu vingi vya Wafaransa hutoka hapa.

Siri ni mto Durolle. Maji yalizungusha magurudumu, magurudumu yakazungusha mawe ya kunolea.

Kilichonigusa ni wanoaji wenyewe. Walifanya kazi wamelala kifudifudi juu ya ubao, uso karibu kabisa na jiwe, maji ya baridi yakiwarukia.

Na miguuni? Mbwa! Aliwalalia ili wapate joto.

Picha ya mbwa huyo nimeitazama hadi wenzangu wakaniacha.

Jamani, kwenu kuna mji unaoishi kwa kazi moja ya mikono? Nisimulieni.