Sharia ina nafasi gani katika falsafa ya vitendo?

Tumezoea kusoma kwamba wanafalsafa wa Kiislamu wa zama za kati waliigawa falsafa ya vitendo, yaani ile inayohusu namna ya kuishi na kutenda, mafungu matatu: maadili ya mtu binafsi, uendeshaji wa nyumba na siasa ya mji. Huo ni mgawanyo wa Ibn Sina (980–1037) na waliomfuata. Ukiubeba kwenda nao kwa al-Farabi, aliyefariki mwaka 950, utatafuta fungu la nyumba usilione.

Katika kitabu chake cha kuorodhesha elimu, al-Farabi anaanza na lugha, kisha mantiki, hisabati, maumbile pamoja na mambo ya kiungu, na mwisho siasa. Siasa hiyo ina pande mbili. Upande wa kwanza unaeleza furaha ya kweli ni ipi, na ni matendo na tabia gani humfikisha mtu huko. Wa pili, namna ya kuzipandikiza tabia hizo katika miji na mataifa na kuzihifadhi. Maana yake maadili yamo tumboni mwa siasa. Fikihi (elimu ya hukumu za dini) na ilmu ya kalam (elimu ya kutetea imani kwa hoja) amezitia katika sura hiyohiyo, na kwangu hili ndilo zito kuliko yote, kwa sababu hapo sharia inatazamwa kama sehemu ya maisha ya mji.

Ibn Sina naye hakutulia na matatu. Katika risala yake ya mgawanyo wa elimu, unabii na sharia vimo ndani ya siasa. Lakini katika kitabu chake kingine, kiitwacho Mantiki ya Watu wa Mashariki, anaongeza fungu la nne, utungaji wa sharia. Hoja yake ni kwamba haifai nyumba itungiwe sheria na mtu huyu na mji na mtu yule; anayeweka sheria za nafsi, nyumba na mji awe mmoja, naye ni nabii.

Aliyeyapa mafungu matatu umbo la kitabu kimoja mashuhuri ni mwanafalsafa Nasir al-Din Tusi, mwaka 1235, huko Quhistan, eneo la Uajemi. Gavana alimwomba akitafsiri kwa Kiajemi kitabu cha maadili cha Miskawayh, mwanafalsafa aliyemtangulia. Tusi aliona maadili peke yake hayatoshi, akaongeza nyumba na siasa. Nyumba yake ina nguzo tano: baba, mama, mtoto, mtumishi na riziki.

Ibn Rushd (1126–1198) hakupata kitabu cha siasa cha Aristotle, akaeleza kile cha Plato badala yake, huku akiigawa elimu ya siasa sehemu mbili, karibu sana na al-Farabi.