Bei peke yake haitoshi, angalia na voliumu

Wengi wakianza kujifunza kutredi hisa macho yote yako kwenye bei, mshumaa wa kijani (alama kwenye chati kwamba bei imepanda siku hiyo) wananunua, mwekundu (imeshuka) wanauza, wakati pale chini ya chati kuna vile vinguzo vya voliumu vinavyoonyesha hisa ngapi zimeuzwa na kununuliwa siku hiyo, na kwangu mimi hapo ndo penye habari yenyewe.

Chukulia hisa imekwama kati ya 40 na 45 wiki kadhaa, kila ikigusa 45 inarudishwa chini. Leo imefunga siku kwenye 47. Usikimbilie kununua, shuka kwanza uangalie nguzo ya leo: kama ni mara mbili ya wastani wa siku 20 basi kuna pesa ya maana imeingia, ila kama ni fupi kuliko za jana na juzi mimi huwa nasubiri, maana mara nyingi bei ya hivyo inarudi tena chini ya 45 na walionunua juu wanabaki wamenasa.

Kuna na OBV (On-Balance Volume), kipimo cha voliumu cha Joe Granville, cha mwaka 1963, hesabu yake rahisi sana: bei ikifunga juu ya jana unajumlisha voliumu ya siku, ikifunga chini ya jana unatoa. Bei ikipanda huku OBV inashuka, kuwa makini.

Hisa ndogo zisizo na wanunuzi wengi ni kesi nyingine kabisa, oda moja kubwa tu inavuruga chati nzima, hizo kwa anayeanza bora aziache kwanza.