Miaka 6 na hili dude, bado sijaichoka

Watu wananiuliza kila siku, si uuze tu ununue gari? Jamani, pikipiki ina miaka 6 mkononi mwangu, cc 650, niliinunua used, leo inasoma kilomita 71,000 na injini haijawahi kufunguliwa. Oili kila kilomita 5,000, cheni naisafisha na kuipaka mafuta hasa ikinyeshewa, basi.

Ila tusidanganyane, foleni ya Ubungo na hili dude ni mateso. Lina kilo zaidi ya 200, feni ikiwaka unapuliziwa joto mapajani kama umekaa kwenye jiko la mkaa, bodaboda wanakupenya pembeni wanakucheka, "vipi braza, umekwama?" Mwaka wa tatu likanizimikia Kimara, rektifaya, kile kifaa kinachopeleka chaji kwenye betri, imeungua, betri haichaji, spea Kariakoo nzima nikazunguka hamna, nikasubiri wiki 5 iagizwe nje. Bei sisemi maana mke wangu anasoma hapa.

Lakini sasa toka saa 11 alfajiri uone. Ukishaiacha Chalinze barabara inafunguka, Moro unakunywa chai na chapati, Mikumi unapita taratibu mno maana ukigonga mnyama faini yake utauza pikipiki, halafu Kitonga ile milima gia ya tatu unapanda huku malori yanakoroma tu, unafika Iringa mgongo hauumi hata kidogo. Siti ndo siri yake.

Juzi nimefunga tairi ya nyuma, ya nne hiyo. Desemba naenda Njombe, mwenye boksi la pembeni la kuniazima anicheki.