Nilivyopika tambi za mzegazega za Sichuan jikoni kwetu

Bakuli la kwanza la tambi za pilipili nililolipika nyumbani kwetu Tanga halikumalizwa na mtu yeyote. Mama alionja kidogo akanyamaza, mdogo wangu akakimbilia maziwa, nami niliyekula chakula hicho karibu kila wiki kwa miaka mitatu nikiwa mwanafunzi mjini Chengdu nilitambua kwamba nilichokipika kilikuwa ukali mtupu uliomwagwa juu ya ngano. Ilinichukua miezi minne na majaribio tisa kufika mahali ambapo bakuli linarudi jikoni likiwa tupu, na kwa kuwa najua wapo wengine waliorudi kutoka China wakiwa na hamu ileile, naeleza hapa nilivyofanya.

Chakula chenyewe huitwa dandanmian. Mian ni tambi za ngano, na dandan limetokana na mti wa kuchukulia mizigo begani, ule ambao watu wa pwani tunauita mzegazega, kwa sababu wachuuzi wa zamani wa jimbo la Sichuan walipita mitaani wakiwa wamening'iniza jiko na sufuria upande mmoja, na tambi, bakuli na viungo upande wa pili. Ukimfikiria mchuuzi huyo, unaelewa mara moja kwa nini bakuli ni dogo na kwa nini tambi hizi hazielei kwenye supu. Hata leo mjini Chengdu tambi huagizwa kwa kipimo cha liang, ambacho ni gramu 50 za tambi mbichi, na mtu mwenye njaa ya kawaida huagiza liang mbili.

Mimi nilikuwa nakula kwa mama mmoja Mwislamu wa kabila la Wahui, aliyekuwa na mgahawa wa meza tano si mbali na msikiti wa Huangcheng. Wachina humwita mwanamke wa rika la mama yao ayi, yaani mama mdogo, nami nikamwita hivyo hivyo. Katika migahawa mingi ya Sichuan nyama ya tambi hizi ni ya nguruwe, lakini kwake ilikuwa ya ng'ombe, na ndiyo maana nilikaa pale miaka yote mitatu. Nilipomwomba anifundishe, hakuanza na tambi wala nyama. Alinionyesha mtungi wa mafuta mekundu uliokuwa nyuma ya mlango, akaniambia kwamba mafuta yaliyopikwa leo huliwa kesho. Wakati ule nililichukulia neno hilo kuwa utaratibu wa mgahawa tu, na kosa langu kubwa la Tanga lilianzia hapo, kwa sababu nilipika kila kitu kwa saa moja na kula papo hapo.

Kosa la pili lilikuwa pilipili zenyewe. Pilipili ambayo wapishi wa Sichuan huipenda kwa mafuta haya huitwa erjingtiao. Ni ndefu na nyembamba, ukali wake ni wa wastani, na kazi yake kubwa ni rangi na harufu. Mimi nilitumia pilipili kichaa peke yake, nikidhani kwamba chakula kikali kinahitaji pilipili kali, na matokeo yake mafuta yalikuwa ya rangi hafifu ya machungwa huku yakiunguza koo. Sasa hutumia gramu 70 za pilipili ndefu nyekundu zilizokaushwa juani, ambazo nimeziondoa sehemu kubwa ya mbegu, pamoja na gramu 10 tu za pilipili kichaa kavu. Huzikaanga bila mafuta juu ya moto mdogo sana, nikizigeuza bila kupumzika, mpaka zikauke kiasi cha kuvunjika kwa kidole na jikoni kuanze kunukia kitu kinachokaribia karanga zilizochomwa. Kisha huzitwanga kwenye kinu zikabaki chenga. Nilipojaribu kuzisaga ziwe unga laini, unga uliungua kabla mafuta hayajapata rangi, na uchungu wake haukutibika kwa sukari wala kwa siki.

Kwa mafuta, Sichuan hutumia yale yanayokamuliwa kutoka mbegu za mmea wa jamii ya haradali, ambayo yana harufu nzito yakiwa mabichi. Sikuyapata, na baada ya kujaribu mafuta yaliyosafishwa kiwandani, ambayo hayana ladha yoyote, niliamua kutumia mafuta ya alizeti ya Singida yanayokamuliwa kwenye mashine ndogo, kwa sababu nayo yana harufu yake mwenyewe. Huchukua mililita 400, nikayapasha kwenye karai mpaka yaanze kutoa moshi mwepesi na ile harufu ya ubichi iishe, kisha nikazima moto na kuyaacha yapoe kidogo. Yakishatulia, huwasha tena moto mdogo na kutia vipande vya tangawizi, majani ya vitunguu, kijiti cha mdalasini, na punje mbili za kile kiungo kikavu chenye umbo la nyota ya miale minane. Majani ya vitunguu yakiwa ya kahawia, huvitoa vyote kwa chujio, kwa maana kitu chenye maji kikibaki ndani ya mafuta huyaharibu baada ya siku chache.

Sasa inafuata hatua ambayo naamini ndiyo iliyobadilisha kila kitu. Mafuta hayamwagwi juu ya pilipili kwa mkupuo mmoja. Humwagwa mara tatu, kila mara yakiwa yamepoa zaidi. Mara ya kwanza, yakiwa na joto la nyuzi 180 hivi, humwaga theluthi moja, na chenga za pilipili hufoka na kutoa harufu. Mara ya pili, kwenye nyuzi 150, rangi nyekundu huanza kutoka kwa wingi. Mara ya tatu, kwenye nyuzi 120, ukali hutoka taratibu bila chenga kuungua. Sina kipimajoto cha jikoni, kwa hiyo hudondosha chenga mbili tatu za pilipili ndani ya mafuta kabla sijamwaga: zikigeuka nyeusi papo hapo, nasubiri, zikielea na kutoa mapovu huku zikibaki nyekundu, namwaga. Kati ya mara ya kwanza na ya pili hutia kijiko kimoja cha ufuta mbichi na matone machache ya siki, ambayo huyafanya mafuta yafoke tena kwa nguvu, basi usiweke uso karibu. Baada ya hapo hufunika bakuli na kuliacha mpaka kesho yake. Nililinganisha mafuta ya saa moja na yale ya siku ya pili kutoka bakuli lilelile, na tofauti haikuhitaji mtaalamu: ya siku ya pili yalikuwa mekundu kama damu ya mzee, na ukali wake ulikuja baada ya harufu, siyo kabla yake.

Ladha ya Sichuan huitwa mala, na neno hilo lina mambo mawili. La ni ukali wa pilipili. Ma ni ganzi. Ganzi hiyo hutokana na huajiao, maganda makavu ya tunda dogo ambalo wageni huliita pilipili ingawa halina undugu na pilipili hoho wala na pilipili manga. Limo katika jamii ya michungwa na milimau, na lilikuwa likiliwa Sichuan karne nyingi kabla ya pilipili kuvuka bahari kutoka bara la Amerika. Wilaya ya Hanyuan katika jimbo hilo inasifika kwa huajiao bora. Niliporudi nilikuwa na pakiti moja, na ilipokwisha nikaagiza nyingine kutoka maduka ya Wachina Dar es Salaam. Kabla ya kuitumia huitandaza kwenye sinia, nikaondoa mbegu nyeusi na vijiti vyenye miiba, kwa sababu mbegu hizo hubaki kama mchanga kinywani. Hukaanga maganda kwa dakika mbili, nikayasaga na kuyachekecha. Husaga kiasi cha siku hiyo tu, kwani unga wake ukikaa wiki mbili hubaki vumbi lisilo na kazi.

Mama ndiye aliyenifanya niifikirie zaidi huajiao. Katika jaribio la saba aliweka bakuli chini, akagusa midomo yake na kuniuliza, "Mwanangu, mbona midomo inatetemeka?" Hakukosea hata kidogo. Mwaka 2013 watafiti wa University College London waliwapaka watu huajiao midomoni, wakawataka walinganishe hisia hiyo na mtikisiko wa kifaa kwenye kidole, na ikaonekana kwamba mdomo huhisi kama unatikiswa mara 50 hivi kwa sekunde. Nilipomweleza, na kumwonyesha maganda yenyewe, aliyanusa akasema yanamkumbusha mti wa dawa wa kwao, mjafari, ule wenye vinundu vya miiba kwenye shina. Nilitafuta habari zake nikakuta kwamba mjafari na mti wa huajiao ni wa ukoo mmoja, Zanthoxylum. Sijautia mjafari kwenye chakula wala simshauri mtu afanye hivyo, maana dawa ina vipimo vyake, lakini nilifurahi sana kwamba pua ya mama yangu iliutambua ukoo huo bila kitabu.

Kuhusu tambi, za pakiti zinafaa kwa siku ya haraka, ila zile nyembamba tunazozipika kwa nazi na sukari hazifai kabisa, kwa kuwa hulainika na kuvunjika chini ya mafuta. Tambi za Sichuan hukandwa kwa maji yenye magadi kidogo, na magadi ndiyo yanayozipa uimara, utelezi na ile rangi ya manjano inayomfanya mtu adhani zina yai. Magadi ya mawe ya sokoni niliyaacha, kwa sababu ya Bonde la Ufa huweza kuwa na floridi nyingi. Badala yake nilichukua soda ya kuokea keki, nikaitandaza kwenye bati na kuioka ndani ya oveni kwa nyuzi 120 muda wa saa moja. Joto huitoa maji na hewa ya ukaa, na kinachobaki ni magadi halisi, makali zaidi, ambayo hayafai kushikwa kwa mkono ulio na maji. Kwa gramu 400 za unga wa ngano hutia gramu 4 za magadi hayo, gramu 4 za chumvi na mililita 168 za maji. Aliyezoea kukanda chapati ataona donge ni kavu mno na atatamani kuongeza maji, asiongeze. Hulikanda litakavyo, hulifunika kwa kitambaa kibichi kwa nusu saa, na nikilirudia huwa limelainika lenyewe. Kisha hulisukuma kwenye kibao mpaka liwe jembamba kama ganda la daftari, hulinyunyizia wanga wa mahindi, hulikunja kama khanga, na kulikata kwa kisu kikali.

Ufuta kwetu si tatizo, maana Lindi na Mtwara huuzalisha kwa wingi na sehemu kubwa ya ufuta wa Tanzania hununuliwa na China yenyewe. Huukaanga mpaka uwe wa dhahabu, nikautwanga na kuulainisha kwa mafuta ya alizeti.

Kilichonisumbua ni yacai, mboga iliyokaushwa na kutiwa chumvi ambayo mji wa Yibin unajulikana nayo, na ambayo bila yake nyama hubaki na ladha bapa. Hutengenezwa kwa mashina ya majani ya haradali, nami nilitumia mashina ya chainizi, yaliyokatwa vijiti na kuanikwa juani siku mbili mpaka yakanyauka, kisha yakasuguliwa kwa chumvi, gramu 40 kwa kila kilo iliyonyauka, na kijiko cha sukari guru. Niliyashindilia kwenye chupa isiyobakiza hewa na kuyaacha siku kumi na mbili. Ladha yake haifiki ile ya Yibin, ambayo huachwa kwa miezi mingi, lakini ina uchachu na utamu unaotosha. Huyakatakata na kuyakaanga pamoja na robo kilo ya nyama ya ng'ombe ya kusaga, tangawizi na sosi ya soya, mpaka maji yote yakauke na nyama ianze kulia chini ya mwiko kama changarawe.

Kila bakuli hulitayarisha kabla tambi hazijaingia kwenye maji: kijiko kikubwa cha ufuta, kijiko kikubwa cha sosi ya soya, kijiko kidogo cha siki, nusu kijiko kidogo cha sukari, kitunguu saumu kilichopondwa, robo kijiko kidogo cha huajiao, na vijiko vikubwa vitatu vya mafuta mekundu pamoja na chenga zake. Tambi huchemka dakika mbili kwenye maji mengi. Huchota vijiko vitatu vya maji hayo nikavitia kwenye bakuli ili ufuta uachane, naweka tambi juu, kisha nyama, kisha majani ya vitunguu mabichi, na huchanganya mara moja kutoka chini kwenda juu, kwa sababu tambi zikikaa hata dakika tatu hunywa mchuzi wote na kushikana.

Mafuta yanayobaki hukaa kwenye chupa kavu ndani ya kabati, nami nilikadiria kwamba kipimo nilichokitaja kingetutosha mwezi mzima. Hakijawahi kufika wiki ya pili, kwa kuwa Mama huyachota asubuhi na kuyatia kwenye mihogo ya kuchemsha.